Kabla ya kutia mbolea ao dawa, angalia kama udongo umeshiba maji



Somo la sezoni hii linahusu kitu tunachokanyaga kila siku bila kukipima: maji yaliyo ndani ya udongo. Shamba tunalipima kwa hatua, mbolea tunaipima kwa kifuniko cha chupa, dawa tunaipima kwa kijiko. Lakini unyevu wa udongo, siku ile tunapotia mbolea ao kupiga pompi, hakuna anayeupima. Na ni unyevu huo unaoamua, kwa sehemu kubwa, kama mbolea itabaki karibu na mizizi ao itashuka mpaka kwenye maji ya chini, yale yanayotokea kwenye chemchemi na visima ambako watoto wetu wanachota.

Tukiuliza katika mikutano ni nini kinachoshusha dawa chini, jibu linakuja haraka: mvua. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Chukua mashamba mawili yaliyo jirani. Mvua moja, ya kiasi kile kile, inaanguka juu ya yote mawili. Kwenye shamba la kwanza mbolea inashuka sentimetri chache tu na kusimama. Kwenye shamba la pili inaenda chini kuliko mizizi ya vitunguu. Mvua ni moja, mbolea ni moja. Tofauti ni namna udongo ulivyokuwa kabla mvua haijaanza.

Fikiria nguo mbili kwenye kamba. Moja ni kavu, nyingine imetoka kufuliwa na imekwisha kuacha kudondoka. Mwagia kila moja kikombe kidogo cha maji, polepole. Nguo kavu inakunywa, haidondoshi kitu. Nguo yenye kulowana inaanza kudondosha mara moja. Na maji ya kwanza yanayodondoka si yale uliyomwaga sasa hivi. Ni yale ya zamani, yaliyokuwa ndani, yanasukumwa na mapya. Udongo unafanya vile vile. Ukiwa umeshiba, kila litri inayoingia juu inasukuma litri nyingine chini, pamoja na yote yaliyoyeyuka ndani yake.

CHUPA TATU

Jaribio hili mnaweza kulifanya kwenye mkutano wa koperative kwa muda wa saa moja. Tafuteni chupa tatu za plastiki za litri moja na nusu. Zikateni chini, fungeni kitambaa kwenye mdomo, kisha zigeuzeni mdomo uwe chini, kila moja juu ya bilauri. Zijazeni udongo wa shamba moja, uliokauka na kupondwa, mkibakisha nafasi ya vidole vitatu juu. Gongeni chupa kidogo ili udongo ukae vizuri.

Chupa ya kwanza iacheni kavu. Ya pili ilowesheni jana yake mpaka maji yatoke chini, halafu iacheni usiku kucha ijichuje. Ya tatu iacheni kavu pia, lakini chukueni kijiti na mtoboe tundu kandokando ya ukuta wa chupa, kutoka juu mpaka karibu na kitambaa. Sasa chemsheni lengalenga nyekundu, mpate maji yenye rangi, yapoe. Mwageni bilauri moja ya maji hayo katika kila chupa.

Chupa ya kwanza itakunywa karibu yote. Ya pili itaanza kutoa maji baada ya muda mfupi, na mtaona kwamba yale ya kwanza ni maupe: ni maji ya jana. Ya tatu ndiyo inashangaza watu, juu udongo wake ni mkavu kama wa chupa ya kwanza, lakini maji mekundu yanapita kwenye lile tundu na kutokea chini haraka, bila kugusa sehemu kubwa ya udongo.

Basi mmeona njia mbili za sumu kwenda chini. Njia ya kwanza ni udongo ulioshiba: unasukuma polepole lakini unasukuma vyote. Njia ya pili ni nyufa, matundu ya mchwa, ya minyoo na ya mizizi iliyooza: hapo udongo unaweza kuwa mkavu na bado dawa ikashuka. Kwa hiyo yule anayesema “udongo mkavu haupitishi kitu” hajasema yote.

HESABU KIDOGO

Milimetri moja ya mvua ni litri moja juu ya kila metri moja ya mraba. Mvua kali ya saa mbili inaweza kuleta milimetri 30, maana yake litri 30 kwa kila metri. Kopo lenye kuta zilizonyooka, likiwekwa wazi katikati ya shamba, mbali na miti, linatosha kupima: ingizeni rula na msome.

Udongo wa mchanga, ukishiba na kujichuja, unashika karibu litri 10 za maji katika kila sentimetri 10 za kina. Udongo wenye mfinyanzi mwingi unashika karibu litri 30. Sasa mvua yetu ya litri 30 ikianguka juu ya udongo ulioshiba, kwenye mchanga itasukuma maji ya zamani, na nitrati iliyomo, karibu sentimetri 30. Kwenye mfinyanzi itasukuma karibu sentimetri 10. Mvua tatu za namna hiyo, zikifuatana bila jua katikati, zitapeleka nitrati ya shamba la mchanga karibu sentimetri 90. Kitunguu hakina mizizi ya kuifuata kule, hata mahindi yatapata shida.

Lakini udongo ule ule wa mfinyanzi ukiwa umekauka, kila sentimetri 10 zinahitaji litri 10 mpaka 15 ili zishibe tena. Mvua ile ya litri 30 itajaza sentimetri 20 ao 30 za juu na kuishia hapo, kama hakuna nyufa. Mbolea imebaki fasi mizizi iko.

Na jua linafungua nafasi tena. Siku ya jua, shamba lenye mimea iliyofunika udongo linarudisha hewani karibu litri 4 kwa kila metri ya mraba. Siku tatu bila mvua, udongo umepata nafasi ya kupokea litri 12 hivi bila kusukuma kitu chini. Ndiyo maana kungojea siku mbili ao tatu baada ya mvua kubwa haiko uvivu.

KUPIMA KWA MKONO

Chimba kwa jembe mpaka kina cha shubiri moja. Usichukue udongo wa juu: jua la asubuhi linaukausha na utakudanganya. Chukua konzi moja ya udongo wa chini, ifinye kwa nguvu, kisha fungua mkono.

Kama inavunjika na kumwagika kama unga, udongo ni mkavu. Kama inafanya mpira ambao unavunjika ukiusukuma kwa kidole gumba, na kiganja kinabaki na unyevu kidogo tu, hali ni nzuri: udongo una unyevu wa kiasi na bado una nafasi. Kama mpira unang’aa, unanata kwenye vidole ao unatoa maji, udongo umeshiba. Siku hiyo acha urea nyumbani.

Mchanga hauna tabia hiyo, haufanyi mpira mzuri hata ukiwa na maji ya kutosha. Kwa mchanga angalia kiganja: ukiona alama ya maji imebaki, tayari umeshiba.

UDONGO WETU HAUFANANI

Milimani kule Kabare na Walungu tuko na udongo mwekundu wa mfinyanzi. Ni mfinyanzi, lakini chembe zake zimeshikana vipande vidogo-vidogo kama punje, na katikati ya punje maji yanapita vizuri. Watu wanafikiri udongo mwekundu ni ukuta. Sio ukuta. Faida yake iko kwingine: una chuma nyingi, na chuma hiyo inashika vitu vingi, tutaona chini.

Katika uwanda wa Ruzizi kuko fasi nyingi za mchanga ulioletwa na mito, na fasi nyingi watu wanachota kwenye visima vifupi. Pale njia ni fupi. Kisha tunamwagilia kwa mifereji wakati wa kiangazi, na mfereji ukiachwa wazi usiku mzima unashibisha udongo kuliko mvua. Mtu anayemwagilia kupita kiasi siku mbili baada ya kutia urea anaisukuma mwenyewe, bila hata wingu mbinguni.

Kandokando ya Nyiragongo na Nyamulagira, fasi lava ilipita, udongo ni mwembamba na chini yake ni mawe yenye matundu na nyufa. Mji wa Goma hauna mto wa kuupitia: mvua inazama, inapita chini ya lava, na sehemu ya maji hayo inatokea kwenye ukingo wa Ziwa Kivu. Washirika wa pande hizo wako na chupa ya tatu chini ya mashamba yao. Kwao kipimo cha mkono kinasaidia kwa ule udongo wa juu tu. Kinachofika kwenye jiwe kimekwenda.

Na mabondeni kuko udongo mweusi unaopasuka kiangazi mpaka mkono unaingia kwenye ufa. Mvua za kwanza zinashuka humo kabla nyufa hazijajifunga. Huko msitie dawa ya udongo wala urea kabla ya mvua mbili ao tatu za kuziba nyufa.

Kuko alama moja ambayo haihitaji kipimo. Kama chemchemi yenu inabadilika rangi ao inaongeza maji saa chache baada ya mvua, mjue kwamba kati ya mashamba ya juu na chemchemi kuko njia za haraka. Chemchemi ambayo haibadiliki haraka inapata maji yaliyochujwa polepole. Hiyo haimaanishi kwamba haina nitrati. Maana yake ni kwamba nitrati ya leo itafika baadaye, na ikisha kufika itakaa muda mrefu.

VINAVYOTEMBEA NA VINAVYOSHIKA

Chembe za mfinyanzi zina umeme mdogo wa upande mmoja. Nitrati ina umeme wa upande ule ule. Vinasukumana, kama ncha mbili za sumaku zilizo sawa. Kwa hiyo nitrati inaenda fasi maji yanaenda. Urea yenyewe, siku za kwanza, pia inayeyuka na kutembea. Katika udongo wenye joto na unyevu inageuka kwa siku chache kuwa amonia inayoshikwa na mfinyanzi, halafu vijidudu vya udongo vinaigeuza polepole kuwa nitrati. Ndiyo maana mvua kubwa jioni ya siku ile ile uliyotia urea kwenye udongo ulioshiba ni hasara mara mbili: inaondoka kabla haijashikwa, na franga zimeondoka nayo.

Fosfati ya DAP ni kinyume. Udongo mwekundu unaishika kwa nguvu sana mpaka hata mahindi yanaikosa. Haiendi kwenye kisima kwa kupita katika udongo. Inaenda mtoni pamoja na udongo wenyewe unaposombwa na mmomonyoko.

Kwa dawa za wadudu na magonjwa, musisome jina la biashara. Someni kwenye etiketi jina la dawa yenyewe, lile la maandishi madogo. Metalaksili, inayochanganywa katika unga wa kupigania mildiu ya viazi na nyanya, inayeyuka sana na inatembea. Mwenzake katika unga ule, mankozebu, hautembei mbali wala haukai muda mrefu, lakini ukivunjika unazaa kitu kinachoitwa etilentiourea, na hicho kinatembea. Dimetoati, ambayo wengi wanapiga juu ya maharagi na mashu, inayeyuka na kutembea, ila katika udongo wenye joto na unyevu wa kiasi vijidudu vinaimaliza kwa siku ao majuma machache. Imidaklopride inaweza kukaa miezi mingi na ikatembea. Sipermetrini na wenzake wa jamaa hiyo wanashika udongo kwa nguvu, ni nadra wafike maji ya chini kwa kupita katika udongo. Hatari yao iko mtoni, fasi wanaua samaki wakisombwa na matope. Glifosati pia inashikwa vizuri na chuma ya udongo mwekundu. Ikishuka, mara nyingi imepita kwenye nyufa na matundu.

Mumeona neno “unyevu wa kiasi” limerudi. Vijidudu vinavyokula dawa vinahitaji maji na hewa kama sisi. Udongo ukikauka kabisa vinalala, na dawa iliyopigwa mwisho wa sezoni B inaweza kubaki pale kiangazi chote, inangojea. Udongo ukijaa maji hewa inakosekana, na kwa dawa nyingi kazi inapungua tena. Katika bonde la mpunga hali hiyo ina upande mwingine: nitrati inageuka kuwa hewa na kupotea juu. Kisima kinapona kidogo, lakini mfuko wa mkulima haukuponi.

Samadi na mboji zinasaidia. Zinashika maji, zinashika dawa, zinalisha vijidudu. Lakini lundo la samadi lililowekwa juu ya chemchemi bila kufunikwa linatoa nitrati sawa na mfuko wa urea. Asili yake haiibadilishi.

MAJI NA MTOTO MCHANGA

Hapa tunataka kukaa kidogo, juu ni fasi tunasikia makosa mengi.

Mwaka 1945, daktari Hunter Comly wa jimbo la Iowa, Marekani, aliandika juu ya watoto wachanga waliogeuka rangi ya bluu midomoni na vidoleni. Walikuwa wanapewa maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima vya mashambani, na visima vile vilikuwa na nitrati nyingi. Ndani ya mwili wa mtoto, nitrati inageuzwa kuwa nitriti, na nitriti inazuia damu kubeba hewa. Walio katika hatari zaidi ni watoto wa chini ya miezi sita wanaopewa maziwa ya unga ao uji uliopikwa kwa maji hayo. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake hayuko katika hatari ya namna ile, na hiyo ni sababu moja zaidi ya kufuata yale wauguzi wanayotuambia juu ya miezi sita ya kwanza.

Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 50 za nitrati katika litri moja ya maji ya kunywa. Kilo moja ya urea, kama azoti yake yote ingegeuka nitrati na kushuka, ingetosha kufikisha zaidi ya litri 40,000 za maji safi kwenye mpaka huo. Ni bidoni 2,000 za litri 20. Kwa kweli haishuki yote, mimea inachukua sehemu yake. Lakini mfuko una kilo 50.

Mama mmoja anaweza kusema, “Sisi tunatia klori, maji iko safi.” Klori inaua vijidudu vya kolera, na musiache kuitia. Lakini haiondoi nitrati. Kuchemsha pia hakuondoi. Maji yakichemka muda mrefu yanapungua kwenye sufuria, nitrati inabaki, kwa hiyo katika kila litri iliyobaki inakuwa nyingi kidogo kuliko mwanzo. Kitambaa cha kuchujia hakifanyi kitu. Nitrati haina rangi, haina harufu. Nyumbani hakuna dawa yake. Fasi ya kuizuia ni shambani, kabla haijashuka.

MVUA ZA SEPTEMBA

Wakulima wa zamani walijua kwamba mimea iliyopandwa na mvua za kwanza inakuwa ya kijani sana. Mtaalamu H. F. Birch, aliyekuwa anafanya kazi Muguga karibu na Nairobi, alieleza sababu katika maandishi yake ya mwaka 1958: udongo uliokauka muda mrefu, ukilowana tena, unatoa azoti nyingi kwa ghafla, na kadiri ulivyokauka zaidi ndivyo unavyotoa zaidi.

Kwa hiyo mwanzoni mwa sezoni A, udongo wenyewe unatia mbolea. Shida ni kwamba wakati huo mahindi hayajaota, ao yako na mizizi ya urefu wa kidole. Azoti ile ya bure inangojea, na mvua za Oktoba zinakuta udongo umeanza kushiba. Mtu akiongeza urea siku ya kupanda, anaongeza kwenye kitu ambacho tayari kimezidi. Pandeni mapema, na mwanzoni tieni samadi ao DAP kidogo shimoni. Urea ingojee mahindi yafike magotini. Kisha igawanyeni: nusu wakati huo, nusu kabla mahindi hayajatoa mbelewele, kila mara baada ya kipimo cha mkono, na kila mara ifunikwe kwa udongo.

Katika miaka ya 1990, watafiti magharibi mwa Kenya walikuta nitrati imelundikana chini ya mashamba ya mahindi, fasi mizizi ya mahindi haifiki vizuri. Pale walipopanda sesbania, mti wenye mizizi mirefu, ile nitrati ilikuwa imechukuliwa. Mstari wa miti ya namna hiyo chini ya shamba, kabla ya kufika chemchemi, unafanya kazi ambayo hakuna pompi inaweza kufanya. Kama tungepaswa kuchagua kazi moja tu ya salongo kwa mwaka huu, tungechagua hiyo.

“NA MILDIU ITANGOJEA UDONGO UKAUKE?”

Swali hili linaulizwa kila fasi, na ni la haki. Mildiu inakuja wakati wa mvua, udongo ukiwa umeshiba. Mkulima wa viazi vya kizungu akingojea udongo ukauke, shamba litakuwa jeusi kwa juma moja. Hatuwezi kumwambia angoje, na hatutasema kwamba hapa kuko jibu lisilo na gharama.

Tunachosema ni hiki. Dawa ya majani ipigwe ibaki kwenye majani. Pigeni wakati majani yamekauka na kuko saa kadhaa bila mvua mbele yenu, mara nyingi ni asubuhi baada ya umande. Majani yaliyofunika mistari yanakamata dawa. Shamba changa, lenye udongo wazi, linapokea nusu chini, kwa hiyo pompi ielekezwe kwenye mmea, isipite juu ya njia. Acheni kupiga mpaka majani yadondoshe. Mvua ikiosha dawa, msirudie siku ile ile kwa hasira: yale yaliyooshwa yako ndani ya udongo ulioshiba, na mkirudia mnaongeza huko huko. Unga wenye metalaksili uwe kwa mara chache ndani ya sezoni, kadiri etiketi inavyoruhusu. Ukitumiwa kila juma, ugonjwa wenyewe unauzoea, halafu mtu anaongeza kipimo, na kipimo kilichoongezwa kinakwenda chini.

Kisha punguzeni sababu ya kupiga. Mbegu inayostahimili ugonjwa, nafasi kati ya mistari ili hewa ipite, kuondoa mimea iliyojiotea kutoka viazi vya sezoni iliyopita. Na kwa mashamba yanayogusa chemchemi, maoni yetu ni wazi: viazi na nyanya za kupigwa dawa kila juma zisipandwe hapo. Pandeni majani ya ng’ombe, mgomba, ao viazi vitamu. Tunajua kwamba mara nyingi shamba hilo ndilo lenye rutuba, na kwamba mwenye shamba si lazima awe ndiye anayechota hapo. Ni kazi ya komite ya koperative na komite ya maji kukaa pamoja na kumtafutia njia, hata kwa kubadilishana vipande vya shamba. Kumwachia yeye peke yake hasara sio haki.

FASI YA KUCHANGANYIA

Neno fupi, juu wengi mmekwisha kulisikia. Katika nchi za Ulaya, maji ya kunywa hayaruhusiwi kuwa na zaidi ya mikrogramu 0.1 ya dawa moja ya shamba katika litri. Kwa hesabu hiyo, gramu 1 tu ya dawa halisi inatosha kufikisha litri milioni 10 kwenye mpaka. Mabaki ya pompi yanayomwagwa kando ya chemchemi, fasi udongo umelowana mwaka mzima, yanapata njia iliyo tayari. Chotea maji kwenye bidoni, changanyia shambani mbali na chemchemi na mifereji, suuza pompi mara tatu, na maji ya kusuuza yapige juu ya mimea ile ile. Hata chupa tupu isisuuzwe kwenye chemchemi.

KUPIMA MAJI YENU

Kuko vikaratasi vya kupima nitrati: unachovya, unangojea muda ulioandikwa kwenye kisanduku, unalinganisha rangi. Kabla ya kusoma, angalieni kisanduku kinahesabu “nitrati” ao “azoti ya nitrati”. Miligramu 50 za nitrati ni sawa na karibu 11 za azoti ya nitrati, na mtu asiyejua atafikiri maji yenye 20 za azoti ni mazuri.

Msipime mara moja tu wakati wa kiangazi na kufunga daftari. Kiangazi udongo hausukumi kitu, na jibu linaweza kuwa zuri bila sababu ya kufurahi. Pimeni mwezi wa Agosti, pimeni tena majuma mawili ao matatu baada ya mvua za kwanza kubwa, halafu Novemba udongo ukiwa umeshiba, na mara moja katikati ya sezoni B. Andikeni tarehe, milimetri za kopo katika siku saba zilizotangulia, jibu la kipimo cha mkono kwenye shamba la juu, na rangi ya kikaratasi. Mkifika 50 ao zaidi, mjulishe muuguzi wa kituo cha afya siku hiyo hiyo, ili mama wenye watoto wa chupa waonyeshwe maji mengine, na komite iende kuangalia ni nini kilitiwa juu ya chemchemi katika miezi iliyopita.